Kutania hatari za anga kwenye vibonzo vya gazeti: jibu kwa mgosi wa Ngamiani

Kuna mgosi kaniandikia kutoka Ngamiani, Tanga, anachora katuni na anatafuta kona yake kwenye gazeti. Kachora kibonzo cha boksi tatu, mwanaanga wa kwanza kutoka Tanga yuko ndani ya chombo huko juu, joto limemzidi, anasema "ngoja nifungue dirisha tupate upepo kidogo", boksi la mwisho kapasuka vipande vipande na kimebaki kiputo cha maneno kinaelea. Kaka yake alivyokiona akamwambia hicho sio kichekesho, kuna watu wamekufa kweli huko na wewe unachekea maiti. Sasa anauliza, je kutania hatari za safari za anga ni kukosa utu, na kama sio, achoreje watu wacheke bila kumwona hana adabu?

Mdogo wangu, tania. Tena tania sana, hii ni sehemu moja nzuri mno ya kuchora na huku kwetu haijaguswa vya kutosha. Kibonzo chako kina kasoro lakini sio ya adabu, kasoro ni kwamba hatari yenyewe umeikosea, na kwenye kazi hii ukiikosea hatari utani hauna pa kusimama, msomaji anaona mtu kalipuka basi, hamna cha kugundua, hamna kile kimya kidogo kabla hajacheka.

Tuanze na hilo la kupasuka. Mtu hapasuki. Mwaka 1966 huko Houston, Marekani, kulikuwa na fundi wa kujaribu suti anaitwa Jim LeBlanc, aliingizwa kwenye chumba kikubwa ambacho hewa yote imenyonywa kiwe kama anga za juu, bomba la suti yake likachomoka. Alikaa kama sekunde 14 hivi akazimia, na kitu cha mwisho alichokuja kukumbuka ni mate yanatokota kwenye ulimi wake. Yanatokota bila moto wowote, yani presha ya hewa ikiondoka maji hayahitaji joto la sufuria, joto la mwili tu linatosha. Wakamrudishia hewa haraka akazinduka na akaendelea na maisha yake. Mwili unavimba, fahamu zinapotea, ukichelewa unakufa, ila ngozi inahimili, hayo ya kulipuka ni ya kwenye muvi.

Halafu dirisha. Kwenye kile kituo cha kimataifa kinachozunguka dunia kilomita 400 hivi juu yetu, ndani wameweka presha sawa na hii tunayovuta hapa pwani, na nje hamna kitu kabisa. Hiyo hewa ya ndani inasukuma ukuta kwenda nje kwa nguvu ya kama tani 10 kila mita moja ya mraba. Dirisha la nusu mita kwa nusu mita tayari ni tani 2 na nusu, kwahiyo ukiliweka lifungukie ndani hata muwe mabaunsa watatu hamlivuti. Sasa ona, kibonzo kimebadilika chenyewe bila hata kutafuta maneno mapya: boksi la kwanza mwanaanga anavuta dirisha, la pili kaweka miguu yote miwili ukutani na wenzake wamemshika kiuno wanavuta kwa pamoja, la tatu wote wameloa jasho, wanahema, joto limezidi mara mbili, dirisha halijasogea hata unywele na kuna mmoja anauliza "hivi tulikuwa tunatafuta nini?" Hamna aliyekufa na kinachekesha zaidi, kwasababu anayejua fizikia anacheka na asiyejua pia anacheka.

Na hilo la upepo usiliache hivihivi maana ndani yake kuna mali. Kule juu kwasababu kila kitu kinaelea hewa ya moto haipandi juu kama inavyopanda huku, ile hewa ukaa unayoitoa puani inabaki inakuzunguka kichwani, mtu akilala bila feni kumpulizia anaweza kuanza kujikaba na pumzi yake mwenyewe, kichwa kinamgonga na anaamka anahema. Kwahiyo feni zinazunguka usiku na mchana, kituo kizima kinanguruma. Mtu wa Tanga anaelewa feni kuliko mtu yeyote! Chora wanaanga wamelala, feni inapunguza spidi, inapunguza, inasimama, boksi la mwisho giza tupu na viputo vitatu: "luku ilikuwa zamu ya nani?" Hiyo hata bibi yangu angecheka, na hatari iliyopo mle ni ya kweli kabisa.

Sasa turudi kwa kaka yako, kwasababu lile dirisha lisilofunguka ndo mahali hoja yake inapouma. Tarehe 27 Januari 1967, wanaanga wa Marekani Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walikuwa ndani ya chombo cha Apollo 1, chini kabisa kwenye jukwaa la kurushia, hata safari haijaanza, ni mazoezi tu. Ndani waliweka oksijeni tupu na kwa presha, cheche ikatokea, moto ukawaka kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea. Mlango wa ndani ulikuwa unafungukia ndani. Moto ulivyopandisha presha mlango ukabanwa na hawakuweza kuuvuta, wakafa wote watatu. Baadae wakautengeneza upya ufungukie nje, kwa haraka. Unaona sasa, fizikia ileile niliyokupa kwenye kibonzo cha dirisha ndo iliyowaua hawa watu. Kaka yako hana makosa kuhisi kitu hapo.

Ila angalia walichofanya wenzao waliobaki. Baada ya ule moto NASA, shirika la anga la Marekani, walihitaji alama ya kuwakumbusha maelfu ya mafundi kwamba nati moja iliyolegea inaua mtu, na wakamchukua mbwa wa kwenye vibonzo vya gazeti, Snoopy wa Charles Schulz, yule anayelala chali juu ya paa la kibanda chake. Tangu 1968 kuna tuzo inaitwa Silver Snoopy, kipini kidogo cha fedha kimechorwa Snoopy kavaa suti ya angani, kinapelekwa kwanza huko juu kwenye chombo kisha mwanaanga mwenyewe anamvalisha fundi au karani ambaye kazi yake imefanya safari iwe salama zaidi. Fikiria hilo, wangeweza kuweka fuvu au picha za marehemu, wakaweka katuni, kwasababu bango la kutisha mtu analizoea ndani ya wiki lakini mbwa yule anampenda na hataki kumwangusha.

Schulz naye hakubaki pembeni. Machi 1969, miezi kadhaa kabla Armstrong hajakanyaga mwezi, alimchora Snoopy kafika mwezini peke yake, anajisifu kawashinda Warusi na kila mtu na hata yule paka wa jirani. Mei mwaka huohuo Apollo 10 ikaenda kweli, chombo kikuu kinaitwa Charlie Brown na kile kidogo cha kushukia kinaitwa Snoopy, na wanaanga wakiwa wanatoka kwenda kwenye roketi kamanda Tom Stafford alimshika pua mwanasesere mkubwa wa Snoopy aliyekuwa kashikwa na katibu mmoja njiani. Snoopy ikashuka mpaka kilomita kama 15 juu ya mwezi, na wakati wa kurudi ikaanza kupinduka ovyo sekunde kadhaa, mwanaanga Gene Cernan aliyekuwa mle ndani akatukana hewani dunia nzima inasikia. Mimi huwa naliwaza hili sana, kwamba kama wangekufa pale jina kwenye vichwa vya habari lingekuwa la mbwa ambaye watoto walikuwa wanamsoma kila asubuhi gazetini. Walijua na wakaliweka jina hivohivo. Ule ujasiri wa kuita chombo cha hatari kwa jina la kichekesho ndo nataka uuone.

Na hili sisi hatuhitaji kufundishwa na mtu, maana tuna utani. Umeshaenda msibani ukaona watani wanavyoingia, mmoja kavaa koti la marehemu anaiga mwendo wake, mwingine kakaa njiani anadai apewe chochote la sivyo jeneza halipiti, wafiwa wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Hamna anayesema mtani hana utu. Kwanini? Kwasababu mtani huyohuyo ndo alikuwa wa kwanza kushika jembe, ndo kachota maji, ndo anajua marehemu alikuwa nani. Ruhusa yake inatokana na kazi anayoifanya pale. Hapa Bagamoyo misafara ilikuwa inaishia, Wanyamwezi wanatembea miezi na pembe za ndovu mabegani, njiani kuna njaa na maradhi, mtu lazima ajue akifia ugenini nani atamfukia, na utani wao na watu wa pwani ulikolea kwenye mazingira hayohayo. Utani na safari ya hatari vimekua pamoja. Kwahiyo mchoraji anayetania anga naye ana kazi yake ya kuifanya ndo apate ruhusa, na kazi yenyewe ni kujua. Jua nini kinaua, jua majina ya waliokufa hata kama hutawahi kuwachora, halafu chekesha hofu, chekesha mashine, chekesha mabosi, marehemu mwache apumzike.

Kuna kitu kingine ambacho kaka yako hakukisema ila mimi nakisema kwa nguvu. Mwaka 1964 Zambia inapata uhuru alikuwepo mwalimu mmoja, Edward Makuka Nkoloso, aliyepigana vita kuu ya pili na akasumbuliwa na wakoloni kwenye harakati za uhuru. Akatangaza ana mpango wa kupeleka watu mwezini kabla ya Marekani na Urusi, msichana wa miaka 17 anaitwa Matha Mwamba pamoja na paka wawili, na akawa anawafanyisha mazoezi vijana kwa kuwaviringisha mlimani ndani ya pipa la mafuta. Waandishi wa nje wakaja wakacheka mno. Wapo wanaoamini Nkoloso mwenyewe alikuwa anawachezea shere, mimi naona inawezekana kabisa. Ila tazama kicheko chao kilikuwa kinaelekea wapi, hawakuwa wanacheka hatari ya roketi, walikuwa wanacheka Mwafrika kuwaza mwezi. Ndo maana kibonzo chako cha kwanza kilinikera kidogo, samahani kukwambia, kwasababu ukikisoma vizuri kichekesho chake ni kwamba mtu wa Tanga hajui dirisha halifunguliwi. Mpe akili. Mwanaanga wako awe mtaalamu kuliko wote mle ndani, ajue kila kitufe, na bado joto limshinde, hapo tunamcheka kwa upendo na tunataka arudi salama.

Kihistoria vibonzo vya anga havikuanza kuchekesha. Buck Rogers alianza magazetini Januari 1929 na Flash Gordon Januari 1934, mle hatari ni majitu, miale na wafalme wabaya, shujaa anapigana, na ni sawa tu kwasababu hamna mtu aliyekuwa ameenda, kila mtu anabuni. Mrusi Gagarin alivyozunguka dunia 12 Aprili 1961 ndo watu wakaanza kujua hatari halisi ni vitu vidogovidogo vya aibu, valvu, kichujio, kamba, choo, na kitu kidogo cha aibu ndo chakula cha mchora katuni. Baadae tukapata yule mtoto Calvin wa vibonzo vya Calvin and Hobbes ambaye kichwani kwake ni rubani Spiff anayeangushwa kwenye kila sayari, ila jitu linalomsubiri ni mwalimu wake darasani. Na sisi tuna mila yetu nzuri tu, Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, Kingo wa James Gayo, kale kapanya ka Masoud Kipanya, wote ni mtu mdogo anayepambana na jambo kubwa kuliko yeye. Hiyo ndo njia ya kumpeleka mtu wetu angani.

Kama unataka kusoma mtu mmoja tu kabla hujachora tena, soma Alexei Leonov, mwanaanga wa Kisovieti. 18 Machi 1965 ndo binadamu wa kwanza kutoka nje ya chombo, akakaa dakika kama 12 nje, suti ikavimba mpaka vidole vikawa havifiki kwenye glavu na hawezi kuingia tena mlangoni. Ikabidi afungue valvu apunguze hewa ndani ya suti kidogokidogo, hewa ileile anayoitegemea, akaingia kichwa kwanza badala ya miguu. Halafu kurudi wakatua mbali na walipopangiwa, msitu wa Ural, theluji, wakalala huko. Sasa sikia hii, Leonov alikuwa mchoraji. Alibeba penseli za rangi akazifunga kamba zisielee zikapotea, na baada ya yote yale akachora jua linavyochomoza ukiwa huko juu, mchoro wa kwanza kuchorwa na binadamu akiwa angani. Na 1975 Warusi na Wamarekani walipounganisha vyombo vyao aliwakaribisha wageni kwa mirija iliyobandikwa lebo za vodka, kumbe ndani ni supu. Mtu aliyebanwa na mlango wa kifo ndo anaongoza kwa utani, na hamna mwenye haki zaidi yake.

Halafu kuna mwanaanga wa Italia, Luca Parmitano, Julai 2013, yuko nje ya kituo na maji ya kupoozea suti yanaanza kuvuja ndani ya helmeti yake, kule maji hayaendi chini, yanajikusanya yanamfunika pua na macho, kama lita moja na nusu, akarudi kwa kupapasa kamba bila kuona wala kusikia vizuri. Nusura azame, sehemu ambayo haina hata tone la bahari. Alipona kwahiyo ruksa kuchora. Mvuvi wa Deep Sea pale Tanga anamuuliza mwanaanga "wewe ulizamia wapi?" na unaishia hapo, usieleze.

Na mwanaanga Sergei Krikalev je, alipanda 1991 kama raia wa Kisovieti, anateremka Machi 1992 na nchi iliyomtuma haipo. Chora mtu anagonga mlango wa ofisi ya posho ya safari. Na Apollo 13, Aprili 1970, tenki la oksijeni lilipolipuka wanaanga watatu walirudi kwa kujihifadhi kwenye kile chombo kidogo cha kushukia mwezini kilichotengenezwa na kampuni ya Grumman, na walipofika salama watu wa Grumman wakawaandikia kwa utani wenzao wa North American Rockwell waliotengeneza chombo kikuu bili ya kuvuta gari bovu, zaidi ya dola 300,000, imeorodheshwa kila maili, kuchaji betri, oksijeni, na malazi ya mgeni wa ziada. Wangekufa bili ile isingeandikwa kamwe, wote tunajua. Lakini tazama wamemtania nani, kampuni, sio wanaanga.

Hapo tunafika kwenye wakati, na hili ndo litakulinda wewe na mhariri wako. Vibonzo vya mfululizo unavituma mapema, vinakaa kwenye foleni, kwahiyo ajali inaweza kutokea leo na kibonzo chako cha roketi kimepangwa kutoka kesho. 28 Januari 1986 Challenger ilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, watu 7, mmoja ni mwalimu Christa McAuliffe, na watoto wa shule walikuwa wanaangalia moja kwa moja kwenye runinga. Wiki kama hiyo hamna ufundi wa kuchekesha, kaa kimya. Ila baada ya uchunguzi ikajulikana kwamba usiku wa kabla mainjinia walionya baridi itaharibu mipira ya kuziba maungio ya roketi na wakubwa wakaamua iruke tu. Ripoti ikishatoka hivo kalamu yako ina pa kwenda, kwa aliyesikia onyo akasaini. Kwahiyo weka namba ya mhariri karibu, ukisikia tu habari ya ajali mpigie wewe mwenyewe kabla hajakukumbuka, mwambie akitoe, na uwe na kibonzo kingine kisichohusu anga kabisa, cha daladala au cha soko la samaki, kiko tayari kimeshawekwa wino, umtumie saa hiyohiyo ili kona yako isitoke tupu.